Nyota Iliyotoka Shingoni mwa Dada

Nyota zilikuwa kumi na mbili tu, na wasichana tuliozitaka tulijaza nusu ya kanisa. Mtu yeyote aliyewahi kugawa kitu kidogo kwa watu wengi angeona mapema kwamba jambo hili litaleta machozi. Wazee wetu wa kanisa hawakuona. Walikuwa watu wa sala sana, na mimi nimezeeka nikiamini kwamba mtu wa sala naye anahitaji kufumbua macho mara moja moja.

Nianze na habari za vito vyenyewe, maana wasichana wa kanisa letu siku hizi hushonewa kitambaa begani, wakadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Chama cha wasichana kililetwa kwetu, kwenye miteremko iliyo kati ya Nyeri na Mweiga, na bibi mmoja mmisionari ambaye hakuwa na mume wala mtoto. Alikuja na kisanduku cha mbao. Ngazi zilikuwa tatu. Ya kwanza ulipewa pini ya taa, ya bati, yenye rangi ya bluu iliyobanduka ukinyeshewa. Hiyo uliipata kwa kukariri maandiko. Ya pili ulipewa pini ya mkono, ya shaba, na hiyo ilitaka jasho: kuwachotea maji bibi vizee, kuwapasulia kuni, kuwakandikia nyumba udongo, mpaka kila mmoja akuwekee alama ya dole gumba kwenye kadi yako. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akitufanyisha kazi mara mbili kabla ya kutoa dole lake. Alijua thamani yake.

Ya tatu ilikuwa nyota. Ilikuwa ya fedha, ndogo kuliko kifungo cha koti, na ilivaliwa shingoni kwa mkufu mwembamba. Ili uipate ilibidi ushone gauni zima kwa mkono, ukariri waraka mzima bila kukwama, ufundishe watoto wa Jumapili mwaka mmoja, kisha usimame mbele ya wanawake watatu wakuulize maswali.

Waliotutangulia walitusimulia kwamba hata wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, watu walipofungiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro, bibi yule aliendelea kutoa pini humo humo ndani. Kuna wasichana waliovaa taa ya bati kifuani na hawakuwa na blanketi. Nikiwa mtoto niliona hadithi hiyo ni tamu. Sasa inanikera, ingawa najua wengi wao walizitunza pini hizo hadi leo.

Uhuru ulipokuja bibi alirudi kwao, akatuachia kisanduku. Kazi yake ikashikwa na mke wa mwinjilisti wetu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye sisi tulimwita Mama Mlezi. Taa na mikono zilipokwisha, fundi mmoja mjini Nyeri aliweza kutengeneza nyingine. Nyota ilimshinda. Alijaribu, akaleta kitu kilichofanana na buibui. Mama Mlezi akaandika barua ng'ambo, na baada ya miezi mingi likaja jibu kwamba huko nyota ziliachwa zamani, siku hizi wasichana wao hupewa pete. Mama Mlezi alilikunja lile jibu akalitia chini ya kitambaa cha meza. "Pete ni ya bwana," alisema. "Sisi hatuozi watu."

Basi zikabaki zile kumi na mbili, na ndipo desturi yetu ilipozaliwa. Msichana mwenye nyota akiolewa, alisimama mlangoni mwa kanisa siku ya harusi, kabla ya kuingia, akaivua na kumvisha msichana aliyekuwa akingoja zamu. Watu walipenda kitendo hicho kuliko harusi yenyewe. Wanawake walipiga vigelegele mpaka farasi wa mzungu wa shamba la jirani wakashtuka. Na nyuma ya kila nyota, kila aliyeivaa alikwaruza alama yake kwa ncha ya sindano: mstari, duara, vijiti viwili. Ukiigeuza nyota uliona ukoo wake.

Lakini kulikuwa na njia nyingine ya nyota kutoka shingoni. Msichana akipata mimba kabla ya ndoa, ilisemwa kwamba ameanguka. Aliitwa mbele ya kanisa, akavuliwa nyota, akapelekwa benchi la nyuma. Kisha yule aliyepewa nyota hiyo baada yake alitakiwa kwanza kuifuta alama ya aliyeanguka, kwa jivu na msasa, hadi pasionekane kitu. Sijui nani aliyeanzisha hilo. Halikutoka ng'ambo. Tulilibuni wenyewe, na tulilifanya kwa bidii.

Dada yangu alikuwa na nyota. Alinizidi miaka sita, na alikuwa akifanya kazi Nanyuki, akifundisha watoto wadogo katika shule ya nasari karibu na kambi ya jeshi. Sisi kwa mama yetu tulikuwa wawili tu. Baba alikuwa amefariki nikiwa sijui kutembea, kwa hiyo dada alinilea nusu, mama nusu. Alama yake nyuma ya nyota ilikuwa vitone vitatu, kama mafiga. Nilimwona akivichoma siku alipovishwa, ametoa ncha ya ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa nimemaliza kila kitu. Gauni nimeshona, waraka nimekariri, mwaka wa watoto umekwisha. Kulikuwa kumebaki maswali tu, na nyota yenyewe. "Ukifaulu utangoja," Mama Mlezi aliniambia. "Sasa hivi zote ziko shingoni." Nilihesabu wote waliokuwa nazo. Hakuna aliyekuwa na mchumba wa karibu. Nilijiona nitakuwa mzee nikiwa na pini ya mkono, na niliona uchungu ambao sasa naona haya kuusimulia.

Jumamosi, wiki moja kabla ya maswali, dada alikuja nyumbani. Tulishuka mtoni kufua, na hapo, akisugua shuka juu ya jiwe, akaniambia ana mimba. Aliniambia bila kulia. Mwanamume alikuwa karani katika ofisi ya ranchi moja huko Nanyuki, mtu wa kanisa, na baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Walikuwa wamekubaliana. Baada ya wiki mbili wazee wa upande wao wangekuja kwa mama, na harusi ingefungwa upesi kabla tumbo halijaonekana.

"Mama nimemwambia asubuhi," alisema. "Wewe nakwambia kwa sababu hiyo nyota itakuwa yako. Nitakuvisha mimi mwenyewe pale mlangoni. Ngoja tu wiki mbili, usiseme na mtu."

Niliahidi. Tuliikamua ile shuka pamoja, yeye upande huu na mimi ule, na nakumbuka nilikuwa na furaha sana.

Sasa inabidi nieleze jambo moja kuhusu watu wetu, la sivyo hamtaelewa kosa langu. Sisi tulilelewa katika ushirika wa watu waliookoka, na watu hao walikuwa na msemo wao: kutembea nuruni. Kila Jumatano walikutana, na mtu akasimama mbele ya wengine akataja dhambi yake waziwazi. Huyu ameiba sukari ya mwajiri wake, yule amemwonea jirani wivu kwa sababu ya ng'ombe. Waliungama, wakaimba, wakaenda zao wepesi. Na waliamini kwamba kuficha dhambi ya mwenzako ni dhambi yako pia. Mama alikuwa mtu wa ushirika huo kwa roho yake yote. Mimi nilinyonya mambo hayo pamoja na maziwa.

Jumamosi ya maswali nikasimama mbele ya wanawake watatu katika chumba cha nyuma cha kanisa. Nilijibu vizuri. Nilikariri bila kukwama. Swali la mwisho, ambalo waliulizwa wote walionitangulia na ambalo nililijua, lilikuwa hili: "Kuna jambo lolote la giza unalolijua na hujaliweka nuruni?"

Wengine wote walijibu hapana. Hata dada yangu alijibu hapana wakati wake. Lilikuwa swali la kufungia kikao, kama mtu anavyouliza hamjambo huku anaondoka. Mimi nikasema, "Liko."

Nimekaa na neno hilo maisha yangu yote. Nimejiambia kwamba nilikuwa mtoto mkweli, niliyeogopa kuvikwa nyota huku nimeficha giza. Na ni kweli, niliogopa. Lakini najua vilevile kwamba hesabu ya nyota ilikuwa kichwani mwangu asubuhi ile. Nilijua nyota ya harusi itachukua wiki kadhaa, na harusi huweza kuvunjika. Sijaweza kutenganisha hofu na tamaa, na nimechoka kujaribu.

Nilipowaeleza aliyoniambia dada mtoni, Mama Mlezi hakunikemea wala kunisifu. Aliuliza tu, "Nani mwingine anajua?"

Nikasema, "Mama."

Jioni hiyo hiyo alikuja nyumbani. Nilikuwa nakamua ng'ombe, nikamsikia akimwambia mama kwa ile sauti yake ya chini kwamba mtoto wake mdogo ametembea nuruni kumpita yeye. Nilipoleta maziwa alikuwa anapepeta maharage, akaendelea kupepeta. Hakuniuliza. Hakunitazama pia.

Ilikuwa bado wiki moja wazee wa kutoka Nanyuki waje. Mama Mlezi na wazee wa kanisa wangeweza kungoja wiki moja. Hawakungoja. Usiku huo huo walimpelekea dada ujumbe, kwa mkono wa dereva wa lori, kwamba kesho yake, Jumapili, ni siku ya akina mama, aje. Akaja na basi la asubuhi, na kilo mbili za sukari kwa mama, na kwangu kipande cha kitambaa cha maua. Nyota ilikuwa shingoni.

Baada ya mahubiri mzee mmoja alimwita mbele na kumwuliza. Hakukana. Alisema ndiyo, mara moja, na akaangalia watu wote usoni kana kwamba anatafuta mtu. Mama Mlezi akasogea kumvua mkufu. Kile kishikio cha nyuma kilikuwa kidogo sana, na vidole vyake vilikuwa vikubwa. Kilikataa. Watu walianza kukohoa. Ndipo Mama Mlezi aliponiita.

"Njoo wewe. Uko na vidole vidogo."

Nilikwenda. Dada aliinamisha kichwa ili nifikie, kama alivyokuwa akifanya nikimsuka nywele. Shingo yake ilikuwa ya moto na ilinukia mafuta ya nazi ya Nanyuki. Kishikio kilifunguka mara moja. Nilimsikia akininong'oneza, "Usijali, si kosa lako." Alidhani nimeonewa kwa kulazimishwa kumvua.

Nyumbani alivua viatu vya kanisa akavitupa kando ya mlango. Mimi nilikuwa nimesimama jikoni, karibu na mtungi. Akamgeukia mama.

"Ni watu wawili tu niliowaambia," alisema. "Mmoja ni mtoto. Mama, wewe ulishindwa kuninyamazia wiki moja? Ati lazima mpeleke kila kitu kwa ushirika wenu, hata mimi?"

Mama alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile jioni ya maharage. Nilifungua mdomo, Mungu ni shahidi, nilifungua mdomo, lakini mama alitikisa kichwa kidogo sana. Mama yangu hakuwahi kusema uongo na hata siku hiyo hakusema. Alimgeukia dada akamwambia, "Nisamehe, mwanangu."

Dada aliondoka kabla ya chakula.

Jumapili iliyofuata nilivishwa nyota. Usiku wa kuamkia siku hiyo nililala vizuri, nalitaja hilo kwa aibu. Na kabla yake, Jumamosi mchana, nilikaa jikoni na jivu na kipande cha msasa nikavifuta vile vitone vitatu. Vilikuwa vimechomwa kwa nguvu. Ilinichukua saa nzima. Nilipomaliza palikuwa pamelainika kabisa, na Mama Mlezi alipitisha kidole akasema nimefanya kazi safi. Nilikuwa msichana wa kazi safi siku zote.

Wazee wa Nanyuki hawakuja. Baba wa yule karani alituma neno kwamba hawezi kumwoza mwanawe msichana aliyewekwa benchi la nyuma mbele ya watu. Kama jambo lingalibaki la nyumba mbili, alisema, lingezungumzika. Karani alimtii baba yake. Shule ya nasari, iliyokuwa ya kanisa, ikamwambia dada asirudi. Alikwenda Kerugoya kwa shangazi yetu, akajifungua mtoto wa kike, akaanza kuuza nguo za mitumba sokoni, na hakurudi kwetu tena. Kwangu alituma salamu kila mara. Aliandika barua. "Msalimie mwalimu wa wokovu," aliandika mara moja kumhusu mama, na nikaificha barua hiyo.

Mama alimfuata safari moja tu, mtoto alipokuwa ametimiza miaka mitano. Alijaza kiondo viazi na mahindi mabichi, na sweta aliyomfumia mtoto, akapanda gari mpaka Karatina, akabadilisha, akafika Kerugoya saa nane mchana. Shangazi alituambia baadaye. Dada alimtuma mtoto nje akamsalimie nyanya yake, akampelekea chai kwa mkono wa mtoto huyo, lakini yeye mwenyewe hakutoka chumbani. Mama alikaa kwenye benchi la nje na kikombe chake mpaka gari la mwisho lilipokaribia. Sweta ilipokelewa. Viazi alirudi navyo. Alivimenya siku iliyofuata tukala.

Nilijaribu kumwambia. Nilikuwa nimeshakua, nimekuwa mwalimu, nimeolewa. Siku ya harusi yangu nilimvisha msichana mwingine nyota ile pale mlangoni, na sikumpa heri yoyote. Baada ya hapo nilikwenda kwa mama tukiwa tunachuma kahawa ya jirani, nikamwambia nataka kwenda Kerugoya nikaseme. Mama hakuacha kuchuma.

"Mimi nitakufa kabla yenu," alisema. "Nyinyi mtabaki wawili tu. Wacha anichukie mimi."

"Lakini si haki, Mama."

"Nimesema ni haki?"

Ningeweza kumkaidi. Nilikuwa mtu mzima mwenye miguu na nauli. Lakini ilinifaa. Ndiyo kweli yenyewe: ilinifaa. Dada alinipenda, aliwashonea watoto wangu nguo, alinipokea kila likizo na kunichinjia kuku, na kila mara tulipokula kuku huyo mama alikuwa peke yake kule kwenye baridi ya Mweiga. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi nilimwona mjukuu huyo akikua na nikamlisha.

Mama alifariki mwezi wa saba, wakati wa ukungu. Aliumwa kifua wiki tatu. Nilimtumia dada habari mara mbili, akajibu kwamba atakuja, kisha hakuja. Hata mazishini hakuja. Mama Mlezi alikuja, mkongwe sasa, anashikiliwa mkono, akasema mbele ya kaburi kwamba marehemu alitembea nuruni. Nilitaka kumnyamazisha. Badala yake nikaitikia amina pamoja na wengine.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kerugoya. Dada alikuwa amefunga kibanda chake cha mitumba kwa ajili ya msiba, maana hata yeye aliona haya kuuza. Binti yake alikuwa kazini. Tulikaa sebuleni, akanimiminia chai, akaniuliza kama watu walikuwa wengi. Nikasema walikuwa wengi. Kisha nikaweka kikombe chini na kumwambia yote: chumba cha nyuma cha kanisa, swali la mwisho, neno langu moja, na mama akitikisa kichwa jikoni. Sikujitetea. Nilisema hata ile hesabu ya nyota. Sikulia, kwa sababu niliona sina haki ya kulia mbele yake.

Dada alisukuma kikombe chake kando. Aliangalia mikono yake.

"Alijua ni wewe," alisema mwishoni. "Siku hiyo. Alijua."

"Alijua tangu mwanzo."

"Na siku ile alikuja hapa na kiondo, alijua."

"Ndiyo."

Aliinuka akaenda dirishani. Nje kuna benchi la mbao, la zamani, ukutani mwa nyumba. Hakuliangalia. Alisimama na mgongo wake kwangu.

"Wewe nitakusamehe," alisema. "Si leo. Lakini najijua, nitakusamehe, ulikuwa mtoto na wale watu wazima walikutumia. Sasa niambie, mimi nani atanisamehe?"

Nilianza kusema kwamba Mungu ni mwenye rehema. Aligeuka akainua mkono ninyamaze.

"Sijauliza Mungu," alisema. "Nauliza mama."